Anayetaka Kiti Ajifunze Kuketi na Wapinzani Wake

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 umeanza kunukia, na katika vikundi vingi kuna mtu anayenong'onezwa kuwa atasimama. Pengine ni mwenyekiti, au yule katibu anayejua kuongea, au mama aliyesimamia mradi wa kuku ukafaulu. Sisi tunafurahi. Vikundi vya kujisaidia vimekuwa shule ya uongozi tangu zamani. Lakini kuna somo moja ambalo shule hii hulisahau: mtu wetu akishinda, atafanyaje kazi na wale aliokuwa akiwapinga?

Wengi hudhani kazi ya mwakilishi wa wadi ni kwenda kule kaunti na kurudi na barabara. Hebu tuangalie hesabu. Kenya ina wadi 1,450 katika kaunti 47. Lamu ina wadi 10, Nairobi ina 85. Hata mtu wenu awe na ulimi wa asali namna gani, akifika katika bunge la kaunti ana kura moja tu. Bajeti hupitishwa na bunge zima. Tena kazi kubwa hufanyika ndani ya kamati, na huko huketi watu wa upande wa walio wengi na wa upande wa walio wachache. Yule aliyemtukana jukwaani mwezi wa saba ndiye atakayemwomba kura ya zahanati mwezi wa kumi. Na maneno ni kama maji, yakimwagika hayazoleki.

Nchi yetu imewahi kulipia somo hili. Mwaka 1997 watu waliandamana kutaka katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi, na damu ikamwagika, hasa siku ya Saba Saba. Ndipo wabunge wa KANU na wa upinzani wakaketi pamoja katika kundi lililoitwa IPPG. Walipatana juu ya mambo yenye maana kwa mtu wa kawaida. Kabla ya hapo mkutano wa hadhara ulihitaji leseni; sasa ikawa ni kuwapa polisi taarifa tu. Madaraka ya chifu yakapunguzwa. Viti 12 vya wabunge wa kuteuliwa vikagawanywa kulingana na nguvu za vyama bungeni. Na Tume ya Uchaguzi ikaongezewa makamishna 10 waliopendekezwa na vyama vya upinzani. Wako waliolalamika kwamba wanasiasa walipatana wao kwa wao na kuwaacha nje wananchi waliokuwa wakidai katiba mpya, na hatuwezi kusema walikosea kulalamika.

Lakini sikizeni hapa. Lile jambo la vyama kupendekeza makamishna halikuandikwa katika sheria. Lilibaki kuwa mapatano ya waungwana. Ilipofika mwaka 2007, Rais Kibaki aliteua makamishna wapya bila kupatana na upinzani, na Tume ikaingia uchaguzini upande mmoja hauiamini. Hatusemi hiyo ndiyo sababu pekee ya vita vilivyofuata, maana chuki za mashamba na za kikabila zilikuwa zimelala hapo kwa miaka mingi. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Walipoketi tena kwa mazungumzo, wanne wa upande huu na wanne wa upande ule, mbele ya Kofi Annan, hawakurudia kosa lile. Mapatano yaliyotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 yalipelekwa Bungeni, na mwezi wa Machi yakawa sheria. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa tusidanganyane. Kupatana pia kuna hatari yake. Serikali ya muungano iliyotokana na mapatano hayo ilikuwa na mawaziri wapatao 40, na katika Bunge wakabaki wachache mno wa kuiuliza maswali. Watu waliuliza jambo lilo hilo baada ya wakubwa kusalimiana kwa mikono mwezi wa Machi 2018, na tena mwaka 2024 watu wa ODM walipoingia katika Baraza la Mawaziri. Kwa maoni yetu mwananchi ana haki ya kuuliza: hawa wamekubaliana kuhusu nini? Kama ni sheria au mradi, uonekane. Kama ni viti tu, huo ni ulaji, hata ukiitwa umoja.

Basi kikundi kifanye nini na huyu mtu wake? Kuna zoezi tunalolipenda kwenye semina. Chukueni jambo ambalo kweli mnabishania, wacha tuseme pesa zilizowekwa zinunue tangi la maji au ng'ombe wa maziwa. Yule anayetaka tangi asimame autetee ng'ombe. Asiketi mpaka wenye ng'ombe waseme, "Hivyo ndivyo tunavyosema." Ni rahisi kwa maneno, lakini tumeona watu wazima wakianza vizuri na kumalizia kwa kejeli, wakarudishwa mara tatu. Wanaoliweza upesi ni wale waliozoea meri-go-raundi, ambako huwezi kumfukuza mwenzako kwa sababu pesa zako zimo mikononi mwake.

La pili ni kalenda. Kisheria mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kuisha, na makadirio ya bajeti mwisho ni tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mwaniaji wenu asiende peke yake na mashabiki wake. Amtafute jirani wa chama kingine mwenye shida ya maji ile ile, waandike karatasi moja, watie sahihi wote wawili. Karani akiona majina yale mawili pamoja, atasoma mara mbili. Na nakala ibaki kwa katibu wa kikundi, tarehe iwepo. Yale ya 1997 mmeyasikia.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo kwa sababu lawagusa marafiki. Ofisa wa kikundi akitangaza kuwa anawania kiti, ni vizuri apumzike katika cheo chake, na jina lake litolewe miongoni mwa wanaotia sahihi benki. Kikundi kina wanachama wa vyama vyote, na kila mmoja ana hisa zake mle. Mkutano uitwe, kitabu cha hesabu kisomwe mbele ya wote, kisha akikabidhi kwa atakayechaguliwa. Abaki mwanachama, aendelee kutoa mchango wake kila wiki kama wengine.