Jinsi Tulivyoupima Unix kwa Kuchomoa Waya

Huenda unajiuliza mwanachama wa Chama cha Kiswahili anatafuta nini kwenye mitambo ya kompyuta. Mwenzangu mmoja wa bweni aliponisikia nikitaja Unix alidhani ni dawa ya kikohozi! Basi tulia nikueleze, maana jambo hili lilinikosesha masomo ya wiki nzima muhula wa kwanza.

Mama yangu huuza mboga Makongeni, Thika. Akiba yake huiweka katika chama kimoja cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu Ruiru na tawi Thika, na karo yangu hutoka huko kwa mkopo. Siku moja ya Januari stima zilipotea Ruiru saa tano mchana, makarani wakiwa katikati ya kuingiza marejesho. Ziliporudi, seva iliwaka vizuri tu, lakini daftari la hesabu likakataa kufunguka. Seva ni ile kompyuta inayokaa chumba cha nyuma bila mtu mbele yake, na kompyuta zote za kaunta huiuliza yeyote ana pesa ngapi. Isipojibu, hakuna anayejua chochote. Kwa siku nne wanachama walipanga foleni na kurudi makwao mikono mitupu. Mama alikuwa mmoja wao. Nami nilikuwa nyumbani, nangoja karo.

Anayetunza mitambo ya chama hicho ni mjomba wangu. Seva yenyewe ilikuwa ya aina fulani ya Unix kutoka ng'ambo, imenunuliwa kuukuu, na mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha zamani. Kamati ikamwambia atafute mfumo mwingine, tena aeleze kwa maandishi kwa nini ameuchagua. Likizo ya Aprili nikapanda matatu kwenda kukaa naye. Kazi yangu ilikuwa kuandika matokeo kwenye daftari, na kuchomoa waya. Hilo la waya nitalifikia.

Kwanza tuujue ukoo. Mfumo endeshi ndio programu inayosimamia programu nyingine zote: nani atumie diski, nani angoje, nani asiruhusiwe kugusa faili ya mwenzake. Unix ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Mwaka 1973 uliandikwa upya kwa lugha ya C, na hapo ndipo ulipopata miguu: ukaweza kuhama kutoka mtambo mmoja hadi mwingine, jambo ambalo mifumo mingi ya wakati huo haikuliweza. Tangu hapo ukoo umetawanyika. AIX ni ya IBM. Solaris ilikuwa ya Sun, iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2010. FreeBSD ni mjukuu wa kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ina damu ya ukoo lakini haina idhini ya kuitwa Unix kibiashara. Linux nayo iliandikwa upya kabisa na Linus Torvalds kuanzia mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi Helsinki. Haina damu, ila imejifunza mila zote za ukoo kiasi kwamba mgeni hawezi kuwatofautisha.

Nilidhani mjomba angetazama ni upi wenye kasi zaidi. Akacheka. "Kijana, kasi ni ya siku njema," akasema. "Wewe unaishi Ruiru na hujui Ruiru 11?" Kumbe alimaanisha kahawa! Baada ya ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa kuwaangamiza wakulima mwaka 1968, watafiti wa hapa Ruiru walichanganya mbegu na kuzijaribu kwa miaka mingi, na Ruiru 11 ikatolewa mwaka 1985. Hawakuuliza tu mche unazaa kiasi gani. Waliuliza utafanya nini ugonjwa huo ukija, na kutu ya majani ikija. Basi nasi swali letu likawa hilo: mfumo huu utafanya nini stima zikipotea?

Wala si swali la kubuni. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. Nacheka kila nikikumbuka, kwa sababu maji ya mto wetu wa Thika huingia bwawa la Masinga na kuteremka hadi Gitaru. Yaani tunachangia maji, kisha tumbili anatuzimia taa. Agosti 2023 nchi ikazimika tena. Betri za seva husaidia, lakini betri huzeeka kimyakimya, na za chama kile zilikuwa zimezeeka.

AIX tuliiweka kando mapema kwa kuwa hutaka mitambo ya IBM yenyewe, na bei yake kamati isingeisikiliza. Tukabaki na Solaris, FreeBSD na Linux, kila mmoja kwa zamu kwenye kompyuta moja na diski zilezile.

Jaribio lilikuwa hivi. Programu ndogo huandika namba kwenye diski: 1, 2, 3 na kuendelea. Kila diski inapojibu kwamba imekwisha kuandika, namba ile hutumwa kwa kompyuta ya pili isiyozimwa. Katikati ya kazi hiyo mjomba hupaza sauti, "Haya!", nami nachomoa waya ukutani. Wallahi mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Tukiwasha tena tunalinganisha. Kompyuta ya pili ikiwa imeahidiwa namba 4,812, basi diski lazima iwe nayo.

Haikuwa nayo. Iliishia 4,771. Namba arobaini na moja zilikuwa zimepotea, na kila namba ingekuwa rejesho la mtu kama mama yangu. Tukajaribu mfumo wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Hapo mjomba akakaa chini akanyamaza. Kosa halikuwa la mfumo wowote! Diski zenyewe zilikuwa zinasema uongo: zinajibu "nimeandika" ilhali namba bado ziko kwenye kumbukumbu ya muda ambayo hufutika stima zikikatika. Tukatafuta diski zenye akiba ndogo ya umeme ndani yake, ya kutosha kumalizia maandishi. Tukachomoa mara ishirini kwa kila mfumo, jumla sitini. Hakuna namba iliyopotea.

Tofauti ikaonekana kwenye jaribio jingine. Tulifunga diski mbili zinazoandika mambo yaleyale, kisha mjomba akaharibu maandishi ya moja kwa makusudi. Solaris na FreeBSD zilikuwa zinatumia ZFS, mpangilio wa diski uliotoka kwa Sun mwaka 2005 na kuingia FreeBSD mwaka 2008. ZFS haifuti maandishi ya zamani papo hapo. Mfano wake ni karani anayeandika ukurasa mpya mahali pengine, akimaliza ndipo anahamisha utepe wa alama. Umeme ukikatika kabla ya utepe kuhama, ukurasa wa jana bado ni mzima. Tena kila kipande huwekewa jumla ya kuhakiki. ZFS iligundua uharibifu, ikachukua nakala nzuri kutoka diski ya pili, ikarekebisha. Linux, kwa mpangilio wa kawaida wa ext4 tuliouweka, ilisoma upuuzi na kutupa upuuzi bila kusema neno.

Jaribio la mwisho lilikuwa la tarehe. Mifumo hii huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na hesabu ya biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za hapa kwetu. Mifumo yote mitatu hutumia biti 64, ikavuka bila shida. Lakini programu ya zamani ya hesabu ilipoulizwa kuhusu rejesho la mkopo la 31 Januari 2038, ilijibu kwamba lilipaswa kulipwa Krismasi ya 1901, siku chache tu baada ya reli kufika Kisumu. Fikiria faini ya kuchelewa hapo!

Kwa alama zangu za daftari, FreeBSD iliongoza. Solaris ilikuwa karibu nayo, lakini leseni yake ya bure si ya kuendeshea biashara. Mjomba akawa tayari kuandika ripoti. Ndipo shangazi, ambaye hata kompyuta hapendi, akauliza akileta chai: "Na wewe ukilazwa hospitali?"

Tukaenda Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kuwauliza wanafunzi sita wa kompyuta wa JKUAT tunaofahamiana nao. Wote sita wangeweza kuinua seva ya Linux iliyoanguka. Mmoja tu ndiye aliyewahi kusikia FreeBSD. Wauzaji wa programu mpya ya hesabu nao wakasema wanahudumia Linux pekee. Nilisikitika, lakini nadhani shangazi alikuwa ameona kitu ambacho jaribio letu la waya halikukiona: mfumo haujiinui wenyewe kila mara.

Seva ya Ruiru ikawa Linux, na mjomba akawasha ukaguzi wa maandishi ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL ili uharibifu usipite kimya tena. FreeBSD ikapewa tawi la Thika, kutunza nakala za kila saa. Wiki ya kufungua muhula wa pili stima zilipotea mara mbili, na mama akapata mkopo wa karo siku ileile aliyouomba. Mjomba bado amenuna kidogo. Kila akija Thika hunipeleka nyuma ya kaunta kunionyesha zile nakala zake, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa.