Gari la haibridi: futa vumbi kabla ya kuongeza betri

KAMINA – Katika barabara za udongo za Sanga na kwingine Haut-Lomami, kiangazi kikianza vumbi huingia kila mahali. Kwa mwenye gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, vumbi hilo linaweza kumwongezea gharama ya mafuta.

Wapo wanaotamani kulibadilisha gari ili litumie petroli kidogo. Mwaka 2004, kundi la CalCars huko California, Marekani, lilifunga betri za ziada kwenye Toyota Prius na kuliwezesha kuchajiwa kwa umeme wa nyumbani. Toyota yenyewe ilianza kuuza Prius za kuchaji namna hiyo mwaka 2012.

Lakini njia hiyo inadai umeme wa uhakika. Anayechaji kwa jenereta hajaokoa kitu. Tena ni kazi ya hatari: betri ya Prius ile ina volti zaidi ya 200, na nyaya zake za rangi ya chungwa si za kuguswa na fundi asiyesomea.

Lililo rahisi ni feni. Betri hiyo hupozwa kwa hewa inayovutwa kupitia tundu kando ya kiti cha nyuma. Likizibwa na vumbi au mizigo, betri hupata joto, mota husaidia kidogo, na injini hubeba kazi zaidi. Kusafisha tundu hilo na kujaza matairi upepo wa kutosha hakuhitaji betri mpya.