Profesa Gani Akuandikie?

Kijana wa Kitanzania aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB na anautaka udaktari huangalia alama zake za fizikia, kemia na biolojia, akatuma maombi Muhimbili au Bugando, kisha akasubiri majina yatoke. Hakuna mwalimu anayeulizwa kijana huyu ni mtu wa namna gani.

Marekani mambo ni mengine. Udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na juu ya matokeo ya chuo na mtihani wa MCAT, mwombaji hudaiwa barua za mapendekezo kutoka kwa watu waliomfundisha. Mzazi aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi na sasa anaishi Dallas anaweza kushangaa kumwona binti yake mwenye A tupu akihangaika kutafuta profesa. Kwani matokeo hayatoshi?

Hayatoshi. Kila mwaka waombaji zaidi ya 50,000 hugombea nafasi zipatazo 23,000 katika shule zinazotoa shahada ya MD, na wenye A ni wengi mno. Maombi mengi hupitia AMCAS, mfumo unaoendeshwa na AAMC, chama cha vyuo vya tiba vya nchi hiyo. Mfumo huo hupokea hadi barua 10 kwa mwombaji mmoja, lakini kila shule ina masharti yake. Sharti linalojirudia sana ni maprofesa wawili wa sayansi na mmoja wa somo lisilo la sayansi. Vyuo vingine vina kamati inayokusanya maoni ya walimu na kuandika barua moja ya pamoja. Mwanafunzi wa huko amepunguziwa mzigo.

Asiye na kamati huchagua mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukimbilia jina kubwa. Kemia ogania katika chuo kikubwa cha umma huweza kuwa na wanafunzi 300 ukumbini. Profesa mwenye tuzo na vitabu anasimama mbele, lakini mitihani inasahihishwa na wakufunzi wasaidizi, na sura za waliokaa safu ya kumi na nane hazijui. Akiombwa barua atafungua orodha ya alama na kuandika kwamba mwombaji alipata A, alihudhuria vipindi, na anapendekezwa. Hiyo A kamati ya udahili imeshaiona kwenye matokeo.

Sasa tuseme yupo mhadhiri asiyejulikana nje ya idara yake, anayefundisha historia darasa la watu 15. Huyu alimwona mwanafunzi akikosolewa hadharani, akanyamaza, akarudi wiki iliyofuata na insha aliyoiandika upya yote. Barua yake ina tukio la kusimulia. Mwongozo wa AAMC kwa waandishi wa barua unaelekea huko huko: unawataka waeleze tabia ya mwombaji kwa mifano, wasijaze ukurasa kwa kusifia kozi au maabara yao. Kati ya hao wawili, mwenye busara atamchukua wa historia bila kusita. Kwa kemia, atamwomba mkufunzi msaidizi aliyekuwa naye maabara aandike, na profesa atie saini pamoja naye.

Kuomba kwenyewe ni kazi. Kijana aliyelelewa kuamkia shikamoo na kutomsumbua mkubwa huona haya kubisha mlango wa profesa saa za kuonana na wanafunzi, ilhali ndiko anakoanza kujulikana. Anayefanya kazi usiku ili alipe ada ana tatizo zito zaidi, kwani saa hizo huangukia zamu yake au usingizi wake. Mfumo huu humpendelea mwenye nafasi ya kukaa chuoni mchana kutwa, na hilo lisemwe wazi.

Swali zuri la kuuliza ni hili: “Unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzuri?” Anayejikuna kichwa ashukuriwe na aachwe. Barua vuguvugu huumiza kuliko kunyimwa.

Hata profesa mwenye nia njema huweza kumpunguza mtu bila kujua. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za waombaji wa kazi ya ualimu katika chuo kimoja cha tiba. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi na zenye maneno mengi ya kutia shaka. Kwa hiyo mwombaji humkabidhi mwandishi wasifu wake, rasimu ya maelezo ya kwa nini anataka udaktari, na ripoti ya maabara yenye maoni ya profesa mwenyewe pembeni, ili mwandishi awe na la kushika.

Kuisoma barua ni suala jingine. Sheria ya mwaka 1974 iitwayo FERPA humpa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za masomo, lakini waombaji hushauriwa waiache haki hiyo kwa barua hizi, maana kamati huiamini zaidi barua ambayo mhusika hataiona.

AMCAS hufunguliwa mwezi Mei, wakati maprofesa wamezama kwenye mitihani, hivyo anayeomba Februari au Machi hupata mwandishi aliyetulia. Wanaokaa mwaka mmoja au miwili nje ya chuo kabla ya kuomba huomba barua ingali moto, wakaihifadhi kwenye huduma kama Interfolio, halafu wakamrudia profesa abadilishe tarehe na kuongeza sentensi mbili tatu kuhusu kazi waliyoifanya tangu walipoagana.