Bawa Linapolia

Siku ya kwanza Kapteni hakunipandisha ndegeni. Alinizungusha ndege nzima akiigusagusa kama mnunuzi wa ng'ombe, na tulipofika kwenye bawa la kushoto akatoa hankachifu mfukoni, akaitandaza juu ya kitundu kidogo kilichoko ukingo wa mbele, akainama, akaweka mdomo, akafyonza.

Bawa likalia. Sauti nyembamba ya kukera, kama kinanda cha mdomo alichoachiwa mtoto.

"Umesikia?" akaniuliza huku akiikunja hankachifu yake. "Ukiisikia hiyo huko juu, mama, mikono yako itataka kuvuta. Isivute."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka 41, mhasibu wa kampuni ya vipuri vya magari kule Industrial Area, mzaliwa wa Kisauni, na nilikuwa nimedunduliza miaka sita ili nilipie masomo haya ya urubani. Nilidhani nimekuja kufunzwa mambo makubwa kuliko kufyonza mabawa.

Tulikuwa Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi ulioko Lang'ata, ambao ng'ambo ya uzio wake kuna simba wa mbuga. Umeitwa kwa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni yake ya ndege jijini humo mwaka 1929. Ndege yetu ilikuwa Cessna 172: viti vinne, injini moja, mabawa juu ya kichwa, na hata ikijaa watu na mafuta uzito wake ni kilo 1,100 hivi. Tangu miaka ya 1950 zimeundwa zaidi ya 44,000, na hakuna ndege nyingine iliyofikia idadi hiyo. Mlango wake hufungwa kwa mlio wa Datsun kuukuu, jambo ambalo halimtulizi mgeni.

Sasa bawa hubebaje kilo 1,100? Shuleni tulichorewa ubaoni kwamba hewa ya juu ya bawa ina safari ndefu, basi hukimbia ili iwahi kukutana na mwenzake iliyopita chini. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapewa alama zote. Si kweli. Hewa haina miadi na mtu. Ile ya juu hufika nyuma ya bawa mapema kuliko ya chini, wala haimngoji mwenziwe. Tena ndege za maonyesho hupaa zimebinuka, matumbo juu, na zinabebwa vilevile.

Ukweli wenyewe mkono wangu uliujua tangu utotoni. Tukisafiri kwa basi kutoka Mombasa, tukishaipita Voi, nilikuwa nikitoa mkono dirishani. Kiganja kikilala sawasawa hukata upepo. Ukikiinua kidogo upande wa kidole gumba, mkono mzima hupanda wenyewe. Ukiinua zaidi, hupanda zaidi. Ukizidisha, kiganja huwa ukuta, upepo hukurushia mkono nyuma, na kule kupanda kumekwisha. Hapo ndipo mama aliponipiga kofi la bega, ati lori litauchukua mkono huo.

Bawa ni kile kiganja. Likiinuka kidogo kuukabili upepo huipinda hewa na kuielekeza chini. Hewa ikienda chini, bawa husukumwa juu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mgongoni mwa bawa, ambako shinikizo hupungua na kulivuta. Kinachotawala yote ni pembe kati ya bawa na upepo unaolijia. Kwa ndege kama ile yetu, pembe ikipita nyuzi 15 au 16 hivi, hewa ya juu hushindwa kuufuata mgongo wa bawa, huachana nao na kuvurugika. Marubani husema ndege imestoli. Neno hilo limewapoteza wengi, maana mwenye gari hudhani injini imezima. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Lililoishiwa ni bawa.

Na kile kitundu? Pembe ikikaribia kuzidi, ule mvuto wa mgongoni husogea hadi mlangoni pake, hewa hufyonzwa kama Kapteni alivyofyonza, na ulimi mdogo ulioko ndani hulia. Hakuna waya, hakuna umeme. Bado naliona ni jambo la ajabu kuliko kompyuta zote za ndege kubwa.

Somo la kustoli tulilifanyia juu ya Kitengela. Kapteni alipunguza injini, akaniambia nisiiache pua ishuke. Kelele ya upepo ikafifia. Usukani ukalegea mikononi kama wa gari lililopachikwa juu ya jeki. Bawa likaanza kulia, kwanza kwa kunong'ona. Kiti kikatetemeka, kisha pua ikadondoka, na kioo cha mbele kilichokuwa kimejaa mawingu kikajaa mapaa ya mabati.

Nikavuta. Nilivuta kwa mikono miwili kama mtu anayenusuru ndoo kisimani.

"Sukuma, mama! Sukuma!"

Kapteni hufundisha kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kiswahili humtoka akiwa na haraka. Nikasukuma, nikaielekeza pua kulekule nilikokuwa nikikuogopa. Kilio kikakatika, upepo ukarudi kwenye mabawa, usukani ukawa na uzito wake tena. Tulirudia mara nane. Jioni nilipokuwa nikikatakata sukuma wiki nilijikuta nacheka peke yangu jikoni.

Ubaya wake ni kwamba mwili haukubali. Umezoea kwamba ukitaka kupanda, unavuta. Wolfgang Langewiesche, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alilishughulikia jambo hili mwaka 1944 katika kitabu cha Stick and Rudder, na marubani wanakisoma hadi leo. Alishikilia kwamba usukani unaouvuta na kuusukuma kazi yake ni kupanga pembe ya bawa, na kwa hiyo kasi. Cha kukupandisha ni nguvu ya injini. Mimi hujifafanulia kwa mlima wa Mazeras. Lori halipandi pale kwa sababu boneti imetazama juu. Linapanda kwa mafuta, na yakipungua, boneti itazame mbinguni itakavyo.

Nilidhani mkono wa kuvuta ni ugonjwa wa wanafunzi. Kisha nikasoma habari za ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 2009. Mirija ya kupimia kasi iliziba kwa barafu muda usiotimia dakika, mtambo wa kujiendesha ukajiondoa, na rubani mmoja akavuta. Airbus A330 nzima ikapanda hadi futi 38,000 hivi, ikastoli, kisha ikashuka dakika tatu na nusu pua ikiwa imeinuka na injini zinafanya kazi. Onyo la kustoli lilisikika zaidi ya mara 70. Ilipokaribia bahari ndipo alipowaambia wenzake kwamba muda wote alikuwa amevuta. Walikufa watu 228. Siku ile niliyosoma sikwenda Wilson.

Nairobi nayo ina hila zake. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini, propela na bawa vyote vinategemea hewa hiyohiyo. Mchana wa Februari joto likifika nyuzi 27, ndege hujiona iko zaidi ya mita 2,500. Geji ikisoma noti 60 (maili za baharini kwa saa, si noti za benki) mwendo wenyewe ni karibu 68, kwa hiyo unahitaji lami ndefu zaidi. Mwanafunzi anaona uzio unamjia, ndege haijanyanyuka, na mkono unawasha. Ukivuta kabla ya wakati ndege itanyanyuka, ila itaning'inia futi chache juu ya lami haina nguvu ya kwenda popote. Unangoja. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kule kungoja.

Kosa langu kubwa nililifanya kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua. Upepo ulinisukuma nikaupita mstari wa njia. Kwa kuona haya nikakanyaga pedali ya kushoto ili pua irudi upesi, na ndege ilipoinamisha kichwa nikavuta. Kwenye kona bawa hubeba mzigo zaidi: ukilaza ndege nyuzi 45 mzigo huongezeka kwa kama asilimia 40, na kasi ambayo bawa litaishiwa nayo hupanda. Ukiongeza pedali ya kulazimisha, bawa moja huachia kabla ya jingine, na ndege huzunguka kama pia. Tulikuwa futi 500 juu ya nyumba za watu. Kule hakuna nafasi ya pia.

Bawa lilikuwa limeshaanza kulia.

"Nimeshika," akasema Kapteni, na mara usukani haukuwa wangu. Akalaza pua, akanyoosha mabawa, akatia injini yote, tukapita juu ya uwanja bila kutua. Hakuniambia neno mpaka tulipoegesha.

"Ukipitiliza, pitiliza. Zunguka uje tena. Mafuta unalipia wewe."

Mahali pekee mkono unaporuhusiwa kuvuta hadi bawa lilie ni pale chini kabisa. Umefika kimo cha mtu juu ya lami, injini umeipunguza. Unatazama mbali, mwisho wa njia, si mbele ya magurudumu, na unavuta kidogo, kidogo, si ili ipande, bali ili isikubali kutua hadi bawa limalize nguvu zake. Ukivuta haraka inapaa tena kisha inakubwaga. Niliwahi kudunda mara tatu kwa kutua kumoja, na Kapteni akauliza tuandike ngapi kwenye daftari.

Asubuhi moja baada ya saa 23 za masomo alifungua mlango injini ikiwa hai, akashuka. "Mzunguko mmoja tu, mama." Akaenda zake hakugeuka. Ndege bila uzito wake ilinyanyuka mapema kuliko nilivyozoea, na kiti cha kulia kikawa kitupu kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Nilizungumza nacho. Kona ya mwisho niliipitiliza kidogo, nikaiacha hivyo, nikarekebisha taratibu baada ya kunyooka. Mnara ukanipa ruhusa. Lami ikapanuka, nikatazama mbali, nikavuta kidogo, kidogo. Bawa likalia. Sikuliachia. Magurudumu yakagusa, kishindo kama cha gunia la mchele kushushwa begani.

Kapteni alikuwa amesimama nyasini pembeni, anajifuta shingo kwa ile hankachifu.