Mafuta yakivuja kwenye gurupu ya nyumbani

Umeme ukikatika jioni, toka Katuba hadi Kenya na Ruashi gurupu zinanguruma katika kila avenyu. Ni motere ndogo, lakini ni motere kamili. Mfanyakazi ambaye kazini hawezi kuona mashini inavuja bila kumwita fundi, nyumbani anaweka kopo chini ya gurupu, basi. Mwezi unapita. Kopo halitengenezi kitu.

Gurupu ndogo ya esansi hubeba mafuta kidogo sana tumboni. Nyingi huchukua karibu desilita 6 tu, hazijai hata chupa kubwa ya bia. Tena nyingi hazina pampu ya mafuta. Chini ya mkono wa pistoni kuna kijiko kidogo cha chuma, nacho huchota mafuta na kuyarusha juu kila motere inapozunguka. Mafuta yakipungua, kijiko kinapiga hewa, chuma kinasugua chuma, na siku moja motere inakwama. Ndiyo maana tone dogo si jambo dogo.

Safisha kabla ya kutafuta

Mahali unapoona mafuta si mahali yanapotoka. Feni ya kupoza motere huyapuliza pembeni, uzito wake huyavuta chini, na vumbi letu jekundu la kiangazi linageuza yote kuwa tope moja. Ukinunua jointi kwa kuangalia tope hilo, unatupa feza.

Zima motere, ngoja ipoe, funga robine ya esansi, vua waya wa buji. Futa uchafu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mbali na upande wa umeme. Usioshe kwa esansi hata kidogo: mvuke wake hutambaa chini kimya, na jiko la makala la jirani linatosha kuuwasha. Motere ikikauka, paka poda ya mtoto, nyembamba, kwenye maungio ya chuma. Iweke nje mahali palipo sawa, tandika kartoni chini, rudisha waya, iwashe dakika 10 au 15. Kisha zima tena, iache ipoe, angalia kwa tochi. Poda iliyolowa itakuonyesha njia. Fuata unyevu hadi sehemu ya juu kabisa, na iliyo karibu zaidi na feni: hapo ndipo penye tundu.

Yapo mafuta yasiyo mvujo. Mengine yalimwagika tu siku ya kujaza. Pengine mwenye gurupu alijaza kupita alama ya kijiti, akidhani anaipenda motere yake. Mafuta yakizidi, yanatafuta pa kutokea.

Lakini kama kijiti kinaonyesha mafuta yamepanda na hakuna mtu aliyeongeza, nusa. Yakinuka esansi, kabureta haifungi vizuri, na esansi inashuka kupitia silinda hadi tumboni. Usiwashe motere hiyo. Mafuta yamekuwa mepesi kama maji, na mvuke ulio ndani unaweza kuwaka. Wala usiyajaribu kwa kibiriti! Kabureta itengenezwe, ndipo mafuta yote yabadilishwe.

Mpira wa kupumulia

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Pistoni inaposhuka, inasukuma hewa iliyo tumboni, na hewa hiyo hutoka kwa mpira mdogo unaokwenda kwenye filta ya hewa. Mpira ukijaa uchafu au ukikunjwa, motere haiwezi kupumua. Basi nguvu hiyo inasukuma mafuta kwa kila mlango: kwenye kizibo cha kujazia, kwenye kifuniko cha valvu, kwenye jointi-spi inayozunguka ekseli. Ukiona mafuta yanatoka mahali pawili au patatu kwa mara moja, usinunue jointi yoyote kabla ya kuvua mpira huo na kuusafisha. Jointi mpya nayo itasukumwa vilevile.

Mvujo wa mahali pamoja ni mwepesi kueleza. Chini kabisa, mara nyingi ni bulo ya kumwagia mafuta ambayo haikukazwa au imepoteza pete yake. Nyuma ya ekseli ni jointi-spi, na hiyo ni kazi ya fundi. Chini pakiwa pakavu na mafuta yanapungua kila juma, tazama moshi: ukiwa wa buluu, motere inayachoma ndani.

Tone likianguka juu ya bomba la moshi lenye moto, zima mara moja. Mchanga uwe karibu.

Harufu na gesi

Wengi huiingiza gurupu jikoni au kwenye koridoo kwa kuogopa wezi. Mafuta yanayovuja huungua, nyumba inanuka, mama anafungua dirisha moja na watu wanalala. Harufu hiyo ni ya mafuta. Gesi inayoua, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na hutoka hata kwa motere isiyovuja tone moja. Dirisha halitoshi. Gurupu ikae nje, mita 6 au zaidi toka nyumba, bomba la moshi likitazama mbali na milango, nayo ifungwe kwa mnyororo. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu gurupu ikiwaka, mtoeni nje kwanza, zimeni motere, mpelekeni hospitali. Anayelala usingizi asioamka, msimngoje hadi asubuhi.

Mafuta machafu yaingie katika bidoni yenye kifuniko na kupelekwa garaji. Si ya kumwaga uwanjani karibu na kisima, wala si dawa ya vidonda vya watoto kama wengine wanavyodhani. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika bukari, na vitambaa vilivyolowa vikae nje, mbali na brazero.