Meli za utalii: kabla ya kushuka bandarini, soma onyo la safari mpaka mwisho

Tarehe 24 Januari 2024, ubalozi wa Marekani mjini Nassau, mji mkuu wa visiwa vya Bahamas, ulitoa tangazo la usalama kwa raia wake. Ulisema watu 18 wameuawa mjini humo tangu mwaka uanze, kwamba mauaji yanatokea saa zote, hata mchana kweupe barabarani, na kwamba sababu kubwa ni magenge yanayolipiziana kisasi. Watu 18 kwa wiki tatu na siku chache: kwa mji mdogo kama ule, ni hesabu nzito. Hata hivyo bandari ya Nassau, yenye nafasi ya kupokea meli sita za utalii kwa wakati mmoja, haikufungwa. Meli ziliendelea kufika, na abiria waliendelea kushuka kununua vikapu vya majani na kutafuta ufuko wa kuogelea.

Msomaji wa Goma, Bukavu au Uvira atauliza habari hii inamhusu nini. Bandari kwake ni Kituku, Kalundu au Kalemie: magunia, mbuzi, madumu ya mafuta na watu waliobanana. Lakini ndugu zetu wengi waliopita katika kambi za wakimbizi za Tanzania, Burundi na Uganda leo wanaishi Marekani na Kanada, na kule safari ya meli ya siku nne au tano kutoka Florida mpaka Bahamas au Mexico si mambo ya matajiri peke yao. Mtu analipa mara moja, na bei ina kitanda, chakula na michezo ya watoto. Meli inalala baharini, asubuhi inafunga kamba kwenye gati la nchi nyingine, abiria wanapewa saa sita au nane za kutembea, jioni wanarudi. Katika hizo saa chache mtu yuko katika nchi ya wengine, na mara nyingi hajasoma hata mstari mmoja juu ya usalama wake.

Tangu mwaka 2018, serikali ya Marekani inapanga nchi zote katika ngazi nne. Ya 1 inasema chukua tahadhari ya kawaida, ya 2 ongeza tahadhari, ya 3 fikiri tena kama safari ni ya lazima, ya 4 usiende. Ufaransa inatumia rangi: kijani, njano, machungwa na nyekundu. Sisi wa mashariki ya Kongo tunazifahamu ramani hizo kutoka upande wa pili. Kivu ya Kaskazini na Ituri zimekaa kwa miaka katika ngazi ya 4, na kila mkaaji wa huku anajua kwamba rangi moja inafunika mtaa ulio tulivu na kijiji ambacho watu wamekikimbia jana usiku. Na tunajua pia kwamba rangi hiyo haikuwekwa bure.

Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Bahamas, pamoja na yale mauaji 18, ilibaki ngazi ya 2. Jamaika ilikuwa ngazi ya 3, ikashushwa mpaka 2 mwezi wa Mei 2025. Mexico ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu kule onyo linaandikwa jimbo kwa jimbo. Jimbo la Sinaloa liko ngazi ya 4, na ndani ya jimbo hilo kuna Mazatlán, bandari ambayo meli za utalii zimeizoea. Ukisoma kichwa cha habari tu, utabaki ndani ya meli siku nzima. Ukiendelea kusoma, utakuta kwamba wafanyakazi wa serikali ya Marekani wenyewe wanaruhusiwa kufika Mazatlán, lakini kwa ndege au kwa meli tu, wakae katika eneo la hoteli linaloitwa Zona Dorada na katika mji wa kale, na watumie njia ya moja kwa moja kati ya maeneo hayo na bandari. Kwa abiria, sentensi hiyo moja ina faida kuliko namba 4 yenyewe. Inamwambia wapi pa kutembea, na inamwambia asikubali dereva anayemwambia anafahamu njia ya mkato.

Turudi Nassau. Onyo la Bahamas linataja mitaa iliyo nyuma ya kilima, kusini mwa barabara ya Shirley, ambako magenge yanapigana. Mtalii hana shughuli kule, na kutoka gati mpaka soko la vikapu ni mwendo wa miguu. Lakini linasema pia mambo ambayo hayakuingia katika vichwa vya habari: kwamba usimamizi wa vyombo vya majini si imara, kwamba watu wameumia na wengine wamekufa, kwamba pikipiki za majini zinazokodishwa ufukweni huenda hazitunzwi vizuri, na kwamba baadhi ya wanaozikodisha wameshtakiwa kwa kuwashambulia wanawake kimapenzi. Mama anayemwacha binti yake apande nyuma ya kijana asiyemjua na kwenda naye mbali na macho ya watu anahitaji habari hiyo kuliko hesabu ya magenge.

Miezi miwili kabla ya lile tangazo la ubalozi, tarehe 14 Novemba 2023, boti ya ghorofa mbili iliyobeba zaidi ya watu 100 kutoka Nassau kwenda kisiwa cha Blue Lagoon iliingiwa na maji na kuzama sehemu. Ndani walikuwamo abiria wa meli za utalii. Mwanamke mmoja Mmarekani mwenye umri wa miaka 74 alikufa. Hakukuwa na genge wala silaha. Kulikuwa na chombo, mawimbi na watu waliojiona wako katika matembezi ya raha.

Hapa mtu wa Kivu hahitaji mwalimu. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao. Tangu siku ile, kabla ya kupanda, wengi huku wanatazama kwanza: tuko wangapi, maji yako kiasi gani leo, majaketi ya kuokolea maisha yako wapi. Mazoea hayo yasiachwe Goma kwa sababu tu boti ya Bahamas imepakwa rangi nzuri na ina muziki. Uliza jaketi lako liko wapi kabla boti haijaondoka, na kama hakuna la mtoto, shuka.

Wengine watasema: basi nitanunua matembezi yanayouzwa ndani ya meli, kampuni imekwisha kuyachunguza. Tarehe 9 Desemba 2019, watu 47 walikuwa juu ya kisiwa cha volkano cha Whakaari, New Zealand, kilipolipuka. Watu 38 kati yao walitoka katika meli ya Ovation of the Seas, na waliletwa kule kwa matembezi yaliyouzwa kupitia meli hiyo. Waliokufa ni 22. Wiki tatu mbele, tarehe 18 Novemba, wachunguzi wa volkano wa nchi hiyo walikuwa wamepandisha kiwango cha hatari mpaka 2, ambacho ndicho cha juu kabisa kabla ya mlipuko wenyewe. Tangazo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Mkaaji wa Goma, anayejua maana ya bendera ya njano na aliyeuona usiku wa tarehe 22 Mei 2021 chini ya Nyiragongo, angeuliza swali moja kabla ya kulipa. Watalii wale wengi walitoka nchi ambako volkano ni picha ya ukutani.

Matembezi ya kampuni yana faida moja kubwa, nayo si ndogo: mkichelewa, kwa kawaida meli inawasubiri. Ukitoka kivyako, haikusubiri. Mwezi wa Machi 2024, meli ya Norwegian Dawn iliyotoka Cape Town kuelekea Barcelona ilisimama São Tomé. Abiria 8 waliokuwa na kiongozi wao binafsi walichelewa kurudi kwa zaidi ya saa moja. Meli ilikuwa ingali pale, imetia nanga nje ya bandari, wakiiona. Walinzi wa pwani waliwapeleka kwa boti mpaka ubavuni mwake, lakini hawakupandishwa. Paspoti zao zilikuwa zimetolewa na kuachwa kwa wakala wa bandarini. Wakaikimbiza meli kwa ndege na kwa magari kutoka nchi mpaka nchi. Walikwenda kuisubiri Gambia, maji yakapungua, meli ikashindwa kuingia. Wakaikuta Dakar.

Walikuwa Wamarekani sita na Waaustralia wawili. Sasa weka mahali pao Mkongomani mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi, au mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu na paspoti ya Kongo iliyokwisha muda. Ni nchi ngapi kati ya zile zingemfungulia mpaka? Maadamu yuko katika orodha ya meli, nchi nyingi zinampokea kama mgeni wa saa chache. Meli ikiondoka bila yeye, anakuwa mgeni mwingine kabisa, na afisa wa uhamiaji ataanza kuuliza viza.

Jambo hili, kwa maoni yangu, ndilo linalosahaulika zaidi katika familia zetu. Onyo la Marekani limeandikwa kwa raia wa Marekani. Ubalozi wake unawahudumia raia wake. Mwenye kadi ya ukaaji tu, akiibiwa mfuko Nassau, ataambiwa kwa upole aende kwa ubalozi wa nchi yake, na lazima ajue kabla ya safari ubalozi wa Kongo ulio karibu uko nchi gani. Hata aliyekwisha kupata uraia asidanganyike. Sheria ya Marekani inamruhusu raia, kama meli inaanza na kumaliza safari katika bandari ileile ya Marekani, kusafiri na cheti cha uraia au cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chenye picha. Wengi wanafurahi kwamba wamepunguza gharama ya paspoti. Lakini akiachwa na meli, au mtoto akilazwa hospitali ya kule, ndege ya kurudi haipandwi kwa cheti cha kuzaliwa. Kwa mwenye makaratasi ya aina nyingine, ushauri ni mmoja: iandikie kampuni ya meli, taja hati uliyo nayo na kila bandari mtakayosimama, na ungoje jibu la maandishi. Jibu la simu halina uzito mbele ya afisa wa gati.

Bima nayo inafungwa na onyo. Serikali ya Uingereza inasema wazi kwamba anayesafiri kinyume cha ushauri wake anaweza kupoteza haki ya bima yake, na Marekani inakumbusha kwamba hailipi gharama za hospitali za raia wake walio nje. Mgonjwa wa moyo anayehitaji ndege ya kumrudisha Miami anaingia katika bili ya maelfu ya dola. Soma kama bima yako inataja ngazi au rangi fulani, na tazama tarehe ya onyo siku ya kulipa na tena siku ya kuondoka, kwa sababu linaweza kubadilika katikati.

Mengine ni akili ya soko la Birere: mnyororo wa dhahabu uache ndani, pesa zigawanye, bei ya taksi mkubaliane kabla ya kufunga mlango, kinywaji chako usikiache mezani. Saa ya mkononi ifuate saa ya meli, maana saa ya nchi inaweza kutofautiana nayo. Na gazeti dogo linaloletwa chumbani kila jioni lina jina na namba ya simu ya wakala wa bandarini. Lipige picha, kisha namba iandike pia kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuibiwa.

Upande wa pili wa onyo kuna watu pia. Ofisi ya Waziri Mkuu wa Bahamas, Philip Davis, iliharakisha kujibu tangazo la Januari 2024 kwa kusema nchi ni salama na inawakaribisha wageni. Inaeleweka, kwa sababu visiwa vile vinaishi kwa utalii. Haiti hali ni mbaya zaidi. Kule Labadee, karibu na Cap-Haïtien, kampuni ya Royal Caribbean ina ufuko uliozungushiwa uzio ambao imeutumia tangu miaka ya 1980, mbali na Port-au-Prince na magenge yake. Nchi nzima iko ngazi ya 4. Meli zilisimama mwezi wa Machi 2024, zikarudi Oktoba mwaka huohuo, zikasimama tena 2025. Kila zinaposimama, wachonga vinyago na wanawake wanaofanya kazi ufukweni pale wanabaki na mikono mitupu, ingawa vita viko upande mwingine wa milima. Siwezi kumlaumu nahodha anayegeuza meli. Lakini Bukavu na Goma tunawajua vizuri watu wanaobaki gatini wakiitazama ikiondoka.