Unasoma Dublin na mfuko umekauka? Makumbusho ni bure, anzia hapa

Mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya anayesoma Ayalandi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Ukishalipa kodi ya chumba, hela ya kutalii inabaki wapi?

Habari njema ni kwamba makumbusho ya taifa na jumba la taifa la sanaa hayatozi kiingilio. Unaingia leo, unarudi kesho, hakuna anayekudai senti. Na humo ndani ndimo mgeni anamoelewa haraka kwa nini mwenyeji wake ananuna akiitwa Mwingereza.

Watu wa kinamasi

Anzia makumbusho ya akiolojia, mtaa wa Kildare, yaliyofunguliwa mwaka 1890. Wengi hukimbilia dhahabu. Wewe nenda kwanza kwenye maiti.

Ndiyo, maiti halisi, za zaidi ya miaka 2,000. Mbili kati yake zilipatikana mwaka 2003 kwenye ardhi ya kinamasi, ile ambayo udongo wake Waayalandi huukata, huukausha na kuuchoma kama kuni. Udongo huo una asidi na hauna hewa, kwa hiyo ngozi na nywele hazikuoza.

Mmoja, anayeitwa Mtu wa Clonycavan, alikuwa amepaka nywele mafuta ya mimea yaliyochanganywa na utomvu wa msonobari, unaodhaniwa ulitoka Ufaransa au Hispania. Jeli ya nywele ya enzi hizo! Mwenzake, Mtu wa Old Croghan, amebaki kiwiliwili na mikono tu, ila kucha zake ni safi kuliko za wengi wetu. Inakadiriwa alikuwa na urefu wa karibu mita mbili.

Wote wawili waliuawa kikatili. Maelezo ya makumbusho yanasema huenda walikuwa wafalme, au watu wa ukoo wa kifalme, waliotolewa kafara na kuzikwa kwenye mipaka ya falme zao.

Harusi yenye maiti

Kwenye jumba la taifa la sanaa, tafuta mchoro mkubwa wa Daniel Maclise wa mwaka 1854. Huwezi kuukosa, umejaza ukuta. Unaonyesha harusi ya mwaka 1170 kati ya Strongbow, mpiganaji wa Kinormani aliyevuka bahari, na Aoife, binti wa mfalme wa Leinster. Bibi harusi ameinamisha kichwa. Mbele yao wamelala waliouawa vitani.

Kwa Waayalandi wengi, hapo ndipo utawala wa kutoka ng'ambo ulipoanzia. Kumbuka pia mwaka wa mchoro: njaa kuu ya 1845 hadi 1852 ilikuwa imeua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama nchi. Vijiji vilivyozungumza Kiayalandi viliumia zaidi. Ndiyo maana leo lugha hiyo unaiona kwenye kila kibao cha barabarani, lakini mitaani Dublin unasikia Kiingereza.

Jina linalojulikana Kongo

Collins Barracks ilikuwa kambi ya jeshi la Uingereza hadi 1922. Sasa ni makumbusho, na sehemu yake moja inahusu uasi wa Pasaka wa 1916. Viongozi 14 wa uasi huo walipigwa risasi katika gereza la Kilmainham. Gereza nalo linatembelewa, ila hapo unalipa, na tiketi huisha mapema.

Katika historia hiyo yumo Roger Casement. Akiwa balozi mdogo wa Uingereza, aliandika ripoti ya 1904 iliyofichua ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold kwenye mpira wa Kongo. Uingereza ikampa heshima ya "Sir". Miaka michache baadaye alikwenda Ujerumani kutafuta silaha za kuikomboa Ayalandi, na Uingereza hiyohiyo ikamnyonga London, Agosti 1916. Mabaki yake yalirudishwa 1965 na kuzikwa makaburi ya Glasnevin, Dublin.

Qur'ani na shaba

Chester Beatty, ndani ya eneo la Dublin Castle, nayo ni bure. Ina nakala za kale za Qur'ani na mafunjo ya Agano Jipya ya karne za mwanzo za Ukristo. Aliyezikusanya, Alfred Chester Beatty, alikuwa tajiri wa migodi, na sehemu ya utajiri wake ilitokana na shaba ya Zambia. Mwafrika akisimama mbele ya kabati hizo ana haki ya kutazama kwa macho mawili.

Kabla hujatoka

Jumapili na Jumatatu makumbusho ya taifa hufunguliwa saa 7 mchana, kwa hiyo usiwahi bure. Jumba la taifa la sanaa huchelewa kufungwa Alhamisi, linafaa kwa wenye vipindi vya mchana. Ukipata wikiendi ndefu, panda treni hadi Castlebar, magharibi mwa nchi: nje kidogo ya mji yako makumbusho ya maisha ya kijijini, yenye vikapu, majembe na viti vya majani. Nayo ni bure, gharama yako ni nauli tu.